Mdogo wangu alishtakiwa kwa bastola isiyo yake: tuliyoyapitia Texas

Kila nikienda arusini au msikitini hapa Fort Worth, hapakosi mama wa kunivuta pembeni anieleze kwamba kijana wake amekamatwa na bunduki, na kwamba kijana huyo ana feloni ya zamani, yaani aliwahi kuhukumiwa kwa kosa zito. Huniuliza wakili gani ni mzuri na anataka pesa ngapi. Mimi humuuliza kwanza kama amewahi kuiona kwa macho yake hati ya mahakama ya ile kesi ya zamani. Karibu wote hawajaiona. Sisi pia hatukuwa tumeiona, na nusura tumpoteze mdogo wangu kwa sababu hiyo. Amenipa ruhusa niandike, mradi jina lake lisitajwe.

Nianze na sheria yenyewe, maana wengi wetu tunaijua nusunusu. Tangu Sheria ya Kudhibiti Silaha ya 1968, serikali ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyetiwa hatiani kwa feloni kuwa na bunduki au risasi. Nasema risasi makusudi. Risasi moja iliyosahaulika kwenye droo inatosha kumfikisha mtu kizimbani. Feloni kwa hesabu hii ni kosa lolote ambalo sheria inaruhusu mtu afungwe zaidi ya mwaka mmoja. Kinachoangaliwa ni adhabu ya juu iliyoandikwa kwenye sheria, si ile uliyopewa wewe. Mtu anaweza kuwa hajalala jela hata usiku mmoja, akapewa probesheni (usimamizi wa mahakama badala ya kifungo) na faini, na bado akaingia kwenye kundi hilo. Yapo makosa madogo ya majimbo, yenye adhabu isiyozidi miaka miwili, ambayo hayahesabiwi. Lakini Texas ina daraja la feloni za chini, za kifungo cha kati ya siku 180 na miaka miwili, na hizo zinahesabiwa kwa kuwa jimbo lenyewe limeziweka kwenye feloni.

Adhabu ya shirikisho kwa kosa hili ilikuwa hadi miaka 10. Juni 2022 Bunge la Marekani liliipandisha hadi miaka 15, na faini inaweza kufika dola 250,000. Aliyewahi kutiwa hatiani mara tatu kwa makosa ya ukatili au makosa mazito ya dawa za kulevya anaanzia miaka 15 kwenda juu. Na kwenye magereza ya shirikisho hakuna kuachiliwa mapema kwa msamaha wa bodi, ulishafutwa zamani. Ukiwa na mwenendo mzuri unapunguziwa hadi siku 54 kwa kila mwaka.

Halafu kuna mtego wa Texas. Sheria ya jimbo inamruhusu mwenye feloni kuweka bunduki ndani ya nyumba anayoishi, ikiwa miaka mitano imepita tangu atoke kifungoni au amalize usimamizi. Vijana wetu huambiana habari hiyo kwa kinyozi, na ni kweli. Wasichoambiana ni kwamba sheria ya shirikisho haijui miaka mitano wala kumi. Bunduki ambayo polisi wa jimbo hawana neno nayo inaweza kukupeleka mahakama ya shirikisho ingawa iko chumbani kwako kabatini. Nimekutana na familia mbili zilizonaswa hapo.

Sasa habari yetu. Baba alishinda bahati nasibu ya visa, tukahama Kisauni mdogo wangu akiwa na miaka 12. Baba alifariki kabla hajaapa uraia. Angeapa kabla kijana hajatimiza miaka 18, mwanawe aliyekuwa akiishi naye hapa na grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) angekuwa raia papo hapo, bila kujaza fomu yoyote, kwa sheria ya uraia wa watoto ya 2000. Wazazi mnaosoma hapa na mnaendelea kuahirisha ule mtihani wa uraia, tafadhalini msiahirishe tena.

Akiwa na miaka 20, yeye na mwenzake wa kazini walitumia kadi ya benki ya mtu mwingine kununua vitu dukani. Akashtakiwa, akakiri mbele ya jaji, akapewa usimamizi wa miaka miwili na kuamriwa kurudisha pesa. Alizirudisha zote, akamaliza muda wake bila kosa jingine. Tangu siku hiyo alijihesabu kuwa mtu mwenye feloni. Kwenye kila fomu ya kazi alitia alama penye swali la feloni. Nyumba za kupanga alinyimwa. Sisi nyumbani tulilisema hivyohivyo, kwa huzuni, kama jambo lisilo na mjadala.

Mwishoni mwa 2024 alikuwa akikaa na rafiki yake, kijana wa hapahapa Texas, mwenye bastola yake halali. Gari la mdogo wangu liliharibika, akaazima la rafiki ili awahi zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo huko Alliance. Kwenye barabara ya I-35W akasimamishwa kwa kubadilisha njia bila kuwasha taa ya kuonyesha. Askari alichukua leseni, akaikagua, akamwandikia karatasi ya onyo. Jambo lingeishia hapo. Badala yake akamwambia asubiri, akaita mbwa wa kunusa. Wakati wa kusubiri, kwa sauti ya kirafiki kabisa, akamuuliza kama kuna silaha ndani ya gari.

Mdogo wangu akajibu kwamba ipo chini ya kiti cha abiria, ni ya mwenzake. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba yeye ana feloni na hajawahi kuigusa.

Sentensi hizo mbili zilikuja kuandikwa kwenye hati ya kiapo ya shirikisho, karibu neno kwa neno. Kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa ametoa vitu ambavyo mwendesha mashtaka angehangaika kuvithibitisha: kwamba alijua bastola ipo, na kwamba alijua yeye ni mtu aliyekatazwa. Simlaumu. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akiuliza unajibu, na ukijibu kwa adabu mambo huisha vizuri. Ila mdomo huponza kichwa, na barabara za Texas usiku si mahali pa kuonyesha malezi yetu kwa namna hiyo. Leseni na bima toa. Jina lako sema. Ukiulizwa zaidi ya hapo, mwambie kwa heshima kwamba hutajibu maswali bila wakili, na kwamba hukubali kupekuliwa. Wakipekua hata hivyo, usizuie kwa mikono wala usibishane, wakili atayashughulikia baadaye. Na usidanganye. Kumdanganya afisa wa shirikisho ni kosa jingine kamili, lakini kunyamaza si kosa.

Jela ya kaunti ilimweka kwa shtaka la jimbo. Dhamana ikawekwa dola 10,000. Mfanyabiashara wa dhamana akachukua asilimia kumi, yaani dola 1,000 ambazo hazirudi hata ukishinda. Tukamlipa wakili wa kwanza dola 7,500. Sehemu ya pesa hizo ilitoka kwenye mchango wa jamii yetu hapa, na sehemu ilitoka kwa mjomba aliyeuza kiwanja chake Mtwapa akatuma. Kiwanja hicho kinaniuma mpaka leo, kwa sababu ambayo nitaieleza.

Wakili huyo alikutana na mdogo wangu kwa muda mfupi, akasema kesi ni nyepesi kwa upande wa serikali: bastola imepatikana, mshtakiwa mwenyewe amesema ana feloni. Akashauri akiri ili apate usimamizi badala ya kifungo. Nikamuuliza, na grini kadi je? Akasema uhamiaji si kazi yake.

Hapa naomba kila asiye raia asome taratibu. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja wake kama kukiri kutamfukuzisha nchini. Ni sehemu ya kazi yake, si hisani. Na kosa la bunduki ni miongoni mwa makosa mabaya zaidi kwa mhamiaji. Ukitiwa hatiani kwa kumiliki silaha kinyume cha sheria unaweza kuondolewa nchini hata kama una grini kadi na watoto waliozaliwa hapa. Na kosa hili hasa, la mwenye feloni kuwa na bunduki, limetajwa kwenye sheria ya uhamiaji katika orodha ya feloni zilizokithiri, zile zinazomnyima mtu hata nafasi ya kumwomba jaji wa uhamiaji amhurumie. Usimamizi ule wa jimbo tulioambiwa ni bahati ungeweza kuwa tiketi ya kurudi Mombasa asikorudi tena.

Hatukukubali. Mume wangu alitaka tukubali ili yaishe, tukagombana vibaya, na nakiri haikuwa kwa sababu nilijua sheria. Niliogopa tu. Wiki chache baadaye tukaambiwa jimbo limeifuta kesi. Nililia kwa furaha. Tukapika pilau, tukaalika watu, sheikh akaomba dua.

Baada ya hapo, alfajiri moja, maafisa wa shirikisho walibisha hodi kwangu.

Sikujua kwamba serikali mbili zinaweza kumshtaki mtu kwa bastola moja, usiku uleule mmoja. Zinaweza. Mahakama Kuu ililithibitisha hilo mwaka 2019 katika kesi ya Gamble, mtu wa Alabama aliyeshtakiwa na jimbo kisha na shirikisho kwa kosa hilihili. Kwa hiyo jimbo likifuta kesi ya bunduki ghafla bila maelezo, msiwashe jiko la pilau. Mwambieni wakili aulize siku hiyohiyo kama shirikisho wameichukua. Kama wameichukua, mara nyingine wakili anaweza kupanga mtu ajisalimishe mwenyewe na vyeti mkononi, badala ya watoto kuamka wakimwona mjomba wao amefungwa pingu sebuleni.

Mahakama ya shirikisho ni dunia nyingine. Wafanyabiashara wa dhamana huwaoni. Hakimu anaamua kama mtu aachiliwe kwa masharti au akae ndani mpaka kesi iishe. Katika kesi za bunduki serikali ina haki ya kuomba akae ndani, na ikitaka muda wa kujiandaa hupewa hadi siku tatu za kazi. Hizo siku tatu ndizo za familia. Tulikusanya barua ya kazini, mkataba wangu wa nyumba, barua ya msikiti, pasipoti yake ya Kenya tayari kwa kukabidhiwa mahakamani, na mimi nikajitolea kuwa msimamizi wake. Afisa wa mahakama alikuja kukagua nyumba. Alipouliza kama kuna silaha ndani, mume wangu alikuwa ameshaipeleka bunduki yake ya kuwindia kwa kaka yake Arlington. Isingeondolewa, mdogo wangu asingekubaliwa kuishi kwangu. Aliachiliwa na bangili ya elektroniki mguuni, ruhusa ya kwenda kazini, msikitini na kwa wakili. Kazini hawakumsubiri, lakini alilala nyumbani kwangu, na hilo lilibadilisha kila kitu. Mtu aliye nje anasaidia kutafuta ushahidi wake, aliye ndani anatafuta namna ya kutoka tu.

Pesa zilikuwa zimekwisha. Alijaza fomu ya kipato, hakimu akampa wakili wa ofisi ya utetezi ya shirikisho. Watu wetu walinihurumia kwa hilo. Kuna imani iliyoenea kwamba wakili wa serikali ni wa kushirikiana na serikali. Haki hiyo ya kupewa wakili kwenye mahakama za shirikisho imetokana na kesi ya Johnson dhidi ya Zerbst ya 1938, na kesi ya Gideon ya 1963 ikaifikisha kwenye mahakama za majimbo, na mawakili wa ofisi hizi za shirikisho hawafanyi kitu kingine isipokuwa kesi za shirikisho, kila siku, mbele ya majaji walewale. Mama huyu aliyepewa mdogo wangu aliketi naye kwa saa nzima na zaidi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna yeyote kati yetu aliyeiona hati ya mahakama ya kesi ya kadi ya benki. Tukatazamana.

Kabla sijaeleza kilichofuata, niseme njia za utetezi alizotuchorea, kwa sababu kesi nyingi hazitaisha kama yetu.

Ya kwanza ni upekuzi. Kesi ya Rodriguez ya 2015 inasema askari akishamaliza shughuli ya kosa la barabarani hawezi kukuzuia zaidi ili mbwa afike, isipokuwa awe na sababu ya msingi ya kukushuku. Wakili aliomba picha za kamera ya kifuani ya askari akapima dakika: karatasi ya onyo ilishatolewa kabla swali la silaha halijaulizwa. Alikuwa tayari kuomba ushahidi wote utupwe. Hata hivyo alituonya kwamba maombi hayo hukataliwa mara nyingi, kwa hiyo tusiweke roho zetu zote hapo.

Ya pili ni umiliki. Si lazima uwe umeishika bunduki. Kama unajua ilipo na una uwezo na nia ya kuitawala, sheria inahesabu unayo. Gari likiwa la mtu mwingine na bunduki ni ya mtu mwingine, kuna la kubishania, na rafiki yake alikuwa tayari kutoa stakabadhi ya ununuzi. Lakini rafiki naye alihitaji wakili wake mwenyewe kabla ya kusema lolote. Msimsukume shahidi aseme. Mkimsukuma, mnaweza kuzua kesi mpya ya kuharibu ushahidi.

Ya tatu ni kujua. Mwaka 2019, katika kesi ya Rehaif, Mahakama Kuu ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua ana silaha na pia alijua yumo kwenye kundi la waliokatazwa. Kwa mtu aliyekaa gerezani miaka, utetezi huo ni mwembamba. Kwa mdogo wangu, aliyemwambia askari kwamba ana feloni, ulikuwa umeshatobolewa.

Ya nne ni Katiba. Baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2022 katika kesi ya Bruen, kuhusu haki ya kubeba silaha, mawakili nchi nzima walianza kudai kwamba kumnyang'anya mtu haki ya silaha maisha yake yote kwa kosa lisilo la ukatili kunakiuka Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayolinda haki ya kuwa na silaha. Mahakama ya rufaa ya Philadelphia ilimpa ushindi Bryan Range, mtu aliyekuwa na kosa la mwaka 1995 la kusema uongo ili apate msaada wa chakula. Sisi wa Texas tuko chini ya mahakama nyingine ya rufaa, nayo Septemba 2024 ilikataa hoja hiyo kwa mtu aliyewahi kuiba gari. Kwa hiyo jibu linategemea unaishi wapi na kosa lako la zamani lilikuwa nini. Wakili alisema ataiandika hoja hiyo tu ili isipotee, maana hoja isiyowasilishwa mapema ni vigumu kuidai kwenye rufaa.

Na mkifika mbele ya jopo la mahakama, wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia, kuna kesi ya Old Chief ya 1997. Mshtakiwa anaweza kukubali kwa maandishi kwamba ana feloni ya zamani, na jopo lisiambiwe ilikuwa feloni gani. Hilo ni kubwa kwa mtu ambaye kosa lake la zamani linatisha kulitaja.

Sasa hati. Wakili alimtuma mpelelezi wa ofisi yao kwa karani wa mahakama wa kaunti ambako kesi ya kadi ilisikilizwa. Rekodi ya kompyuta iliyotumiwa na waendesha mashtaka ilionyesha kwamba ametiwa hatiani na kupewa probesheni. Jalada lenyewe, la karatasi, lenye sahihi ya jaji, lilisema jambo tofauti. Jaji alikuwa amepokea kukiri kwake, akaona ushahidi unatosha, kisha akaahirisha kumtia hatiani, akamweka chini ya usimamizi. Alipomaliza miaka miwili, jaji akaifuta kesi. Hatia haikuwahi kutamkwa. Texas inayo njia hiyo, na hutumika sana kwa vijana wenye kosa la kwanza. Kwa kuwa sheria ya shirikisho ya silaha inaangalia sheria ya jimbo husika kuamua kama mtu ametiwa hatiani, mdogo wangu hakuwa mtu aliyekatazwa. Hakuwa na feloni. Hakuwahi kuwa nayo.

Siwezi kueleza vizuri jinsi alivyoipokea habari hiyo. Hakushangilia. Aliuliza kama anaweza kuisoma mwenyewe, akaisoma mara kadhaa, kisha akataja moja baada ya nyingine zile kazi alizojinyima kwa kutia alama kwenye swali lile. Nilikaa naye mpaka usiku. Sikuwa na la kumwambia.

Wakili aliwapelekea waendesha mashtaka nakala iliyothibitishwa. Wakati huo baraza la kushtaki, yaani raia wanaopima kama ushahidi unatosha kumshtaki mtu, lilikuwa limeshatoa hati ya mashtaka, kwa hiyo serikali iliomba jaji aruhusu kuifuta, na jaji akaruhusu. Bangili ikaondolewa. Nakala zile za karani ziligharimu dola chache. Wakili wa kwanza alikuwa na jina, tarehe na kaunti ya kesi, na hakuwahi kuziomba. Ndiyo maana naumia kwa kiwanja cha mjomba.

Sitaki mtu afunge ukurasa huu akidhani kila jalada lina uokozi ndani yake. Takriban washtakiwa 9 kati ya 10 wa shirikisho hukiri. Mdogo wangu alipokuwa ndani zile siku za mwanzo alikuwa pamoja na kijana Mkongomani, mtoto wa wakimbizi, shtaka hilohilo. Yeye alikuwa ametiwa hatiani kweli, na bunduki ilikuwa yake kweli. Kilichommaliza ni simu. Alimpigia dada yake kutoka jela akamwambia kwa Kiswahili amwambie fulani akaihamishe nyingine. Simu za jela hurekodiwa zote, isipokuwa za wakili, na tangazo husikika kila mwanzo wa simu. Watu wetu wanadhani Kiswahili ni maficho. Serikali inaajiri wafasiri, wa Kiswahili cha Bukavu, cha Dar na cha Mombasa. Dada wa kijana naye akaitwa kuhojiwa. Mwishowe kijana alikiri, wakili wake akampatia punguzo linalotolewa kwa anayekubali kosa mapema, akaenda gerezani. Mama yake mpaka leo hajui kama mwanawe, akimaliza, atarudi nyumbani au atapelekwa kizuizi cha uhamiaji. Kwa hiyo mkipigiwa simu kutoka jela, zungumzeni habari za afya na watoto tu. Kesi izungumzwe na wakili, ana kwa ana. Na msiandikiane kuhusu kesi kwenye WhatsApp ya familia, ile yenye shangazi wa mabara matatu.

Jambo la mkalimani pia. Kama mshtakiwa hafuati vizuri Kiingereza cha mahakama, aseme mapema. Mahakama ya shirikisho hulipa mkalimani. Kama mkalimani na mshtakiwa hawaelewani, ainue mkono amwambie jaji palepale. Yule kijana alimsikiliza mkalimani kwa kikao kizima akiitikia kwa kichwa, kwa aibu ya kusema haelewi.

Kwetu yalibaki ya uhamiaji. Karatasi ileile iliyomwokoa kwenye sheria ya silaha haimwokoi huko. Kwa sheria ya uhamiaji, ukikiri mbele ya jaji na ukawekewa masharti yoyote, hiyo ni hatia, hata kama jimbo linasema hukutiwa hatiani na kesi imefutwa. Tulimlipa wakili wa uhamiaji dola 400 kwa mashauriano, na hizo sizijutii. Alituambia kosa la kadi ni la udanganyifu, ni moja tu, na lilitendeka zaidi ya miaka mitano tangu aingie nchini, kwa hiyo akibaki ndani ya Marekani halitoshi peke yake kumwondoa. Lakini akitoka akarudi, afisa wa uwanja wa ndege anaweza kumhesabu kama mtu anayeomba kuingia upya, na hapo kosa hilohilo moja linaweza kumzuia. Mama yetu yuko Mombasa na presha yake haitulii. Mdogo wangu hawezi kwenda kumwona mpaka suala hilo litatuliwe, na wakili anaangalia kama kuna njia ya kuirudia ile kesi ya jimbo kwa hoja kwamba alipokiri akiwa na miaka 20 hakuna aliyemweleza habari za uhamiaji. Ni njia ndefu na si ya uhakika. Wakati huohuo tumeomba rekodi ya kukamatwa kwake na jimbo kwa bastola ifutwe, maana bado inajitokeza kila mwajiri anapomchunguza.

Mwenye ndugu katika hali kama hii aanze kwa karani wa mahakama wa kaunti ambako kesi ya zamani ilisikilizwa, si kwa wakili wala kwa mchango. Peleka jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya kesi kama unayo. Omba nakala iliyothibitishwa ya hati ya mashtaka ya zamani, ya amri ya jaji, na ya amri ya kumaliza usimamizi, zote tatu. Ukiambiwa jalada liko ghalani, subiri. Kisha mpe wakili wa jinai seti moja na wa uhamiaji seti nyingine, kabla ndugu yako hajaweka sahihi kwenye karatasi yoyote.